Hapa Hakuna Filimbi

Swali lenyewe lilikuwa la ndoo na pipa. Bi Kwa Nini huwapa wageni wote wa kidato cha kwanza swali hilo kabla hajafungua kitabu cha hesabu. Ndoo moja inachukua lita ishirini. Pipa linachukua lita mia moja na themanini. Pipa likiwa tupu, litajaa kwa ndoo ngapi? Eleza ulivyopata. Aliliandika ubaoni kwa mwandiko wake mnene, akajifuta chaki vidoleni kwa kitambaa alichokiweka mkobani kwa kazi hiyo tu, akaketi kwenye kiti chake chenye mguu uliofungwa waya, akangoja.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Walisema ukimpa Mwalimu habari za asubuhi atakuuliza kwa nini leo sauti yako ni ndogo. Yeye hakuchukia. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, mwenye miwani iliyoshuka mpaka ncha ya pua, na alikuwa na subira ya mtu anayechambua mchele: hata ungemwita kuna moto, angemaliza kwanza konzi iliyo mkononi.

Karatasi alizisahihisha chumba cha walimu, kikombe cha chai pembeni. Ya kwanza ilikuwa na jibu moja tu: C. Akaigeuza, akatazama nyuma, hakuona kitu. Ya pili nayo C, imezungushiwa duara. Ya tatu B. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la kioo.

Mwalimu wa jiografia, aliyekaa meza ya jirani, alinyoosha shingo akasoma. Akacheka mpaka chai ikampalia.

"Bi Kwa Nini, uliwauliza pipa au uliwauliza vitamini?"

"Cheka tu," alisema yeye. "Wakimaliza kwangu wanakuja kwako. Utawauliza mto unaanzia wapi, watakwambia D."

Lakini yeye hakucheka. Watoto wote walioandika herufi walitoka shule moja ya msingi, na shule hiyo mkuu wake alikuwa kaka yake, tumbo moja, ziwa moja. Wachache wa shule hiyohiyo waliandika tisa na kueleza vizuri. Hao aliwawekea alama ya vyema, maana haki ni haki. Chini kabisa ya rundo akaikuta karatasi ya mpwa wake, binti wa kaka yake. C. Na duara lake lilikuwa zuri kuliko yote, la mviringo kama sarafu.

Msichana huyo tangu utotoni walimwita Chiriku, kwa kuwa alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu hapo hakunyamaza. Shangazi yake alimwita baada ya masomo, akamkalisha kwenye dawati la mbele.

"Mama, hii C ni kitu gani?"

Chiriku akatazama viatu vyake. "Nilidhani umesahau kuandika machaguo, shangazi. Nikaona nisiache wazi. Tulifundishwa usiache wazi. Ukiwa hujui, C haimtupi mtu."

"Na ndoo ziliingia ngapi?"

"Si ndiyo C?"

Bi Kwa Nini hakugomba. Alichukua karatasi safi akachora pipa, akaanza kueleza polepole. Alikuwa bado kwenye ndoo ya pili alipomwona binti amekwisha kufunua ukurasa mwingine wa daftari.

"Unakwenda wapi?"

"Samahani, shangazi. Filimbi ingekuwa imeshalia."

Hapo shangazi mtu aliacha kuchora. Filimbi ile aliijua. Kaka yake aliivaa shingoni kwa kamba nyekundu iliyopauka, na ndiyo iliyoijengea shule yake jina. Kila asubuhi darasa la mwisho lilifanya mitihani ya miaka iliyopita. Swali moja, pumzi chache, filimbi, swali jingine. Hakuna kurudi nyuma, hakuna kuuliza. Kwa njia hiyo watoto waliujua mtihani kama njia ya kwenda kisimani, na matokeo yalipanda. Kwenye ukuta wa nje wa ofisi yake, kaka mtu alichora ngazi ya rangi ya kijani, kila mwaka kidato kimoja, na kidato cha mwisho kilipita urefu wa mlango. Wazazi walimwita Mwalimu Asilimia, wakampenda.

"Sikiliza, mama," alisema Bi Kwa Nini, akamrudishia penseli. "Hapa hakuna filimbi."

Chiriku aliitika kwa kichwa. Lakini machozi yalikuwa yameshatangulia.

Mwisho wa juma ujumbe ulikuja kutoka kwa mama yao, bibi wa Chiriku, aliyeishi nyumbani kwa mwanawe wa kiume. Ulikuwa mfupi kama kawaida yake: njoo, kuna jambo. Bi Kwa Nini alipofika alimkuta bibi kizee kwenye kibao chake jikoni, mfuko wa nguo mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na sare ya shule, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mikono ndani kama ya dukani.

"Mjukuu wangu amenipa," alisema bibi. "Kasema nimtafutie mtu wa kumpa. Yeye harudi tena. Kasema huko wenzake wanamwita Binti Asilimia, alama za kubandika. Chiriku mzima hasemi! Nyumba imekuwa kama redio iliyokwisha betri. Mimi nilizoea kumnyamazisha, sasa nimnyamazishe nani?"

"Baba yake anasemaje?"

"Baba yake anasema ni wewe."

Na kweli, walipokaa kula, Mwalimu Asilimia hakungoja hata mikono ikauke maji. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye shati lililonyooka hata siku ya mapumziko. Filimbi ilining'inia kifuani kwake kama hirizi.

"Dada, mwanangu ametoka kwangu na alama ambazo ukoo huu haujapata kuziona. Amekaa kwako siku mbili tatu, anasema yeye mjinga. Umemlisha nini?"

"Nimemuuliza swali la ndoo, kaka."

"Swali la ndoo! Swali la ndoo wanalijua! Ukiwaamsha usingizini wanakujibu!"

"Ndiyo. Wananijibu C."

Wifi yake akataka kucheka, akamtazama mumewe, akaligeuza cheko kuwa kikohozi.

"Usinitanie," alisema kaka mtu. Sauti ilishuka, na hapo ndipo ilipokuwa na uzito. "Ulikuwa wapi nilipoingia shule ile? Darasa zima lilikwenda kwenye mtihani likarudi kama lilivyokwenda. Hakuna aliyepata nafasi ya sekondari. Watoto walikuwa wanaukimbia mtihani kama wanakimbia nyuki. Mimi nimewafundisha kukaa, nimewafundisha kutoogopa. Leo wanafika mpaka kwako. Bila filimbi hii ungekuwa unasomesha madawati."

Bi Kwa Nini aliweka kijiko chini. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, naye hakuwa mtu wa kupiga teke ukweli kwa sababu umetoka kinywani mwa mpinzani.

"Umewafungulia mlango, kaka. Sikatai, na mbele ya mama nasema asante. Lakini wanaingia hawana miguu. Wanakaa kizingitini, wenzao wanawaruka. Huyu wako amekaa kizingitini, na kesho atarudi nje, alama zake mkononi. Utamwambia nini? Kwamba ngazi ukutani imepanda?"

"Matokeo ni matokeo."

"Kilemba cha ukoka nacho ni kilemba," bibi akaingilia, bila kuinua macho. "Mbuzi akipita ndipo utajua."

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kidogo, na kila mtu pale mezani alijua nani yuko nyuma yake anasikiliza.

"Juma hili linaloanza," alisema Mwalimu Asilimia taratibu, "walimu wa shule za jirani wanakuja kwangu kujifunza njia yangu. Wakirudi kwao wataianza. Unataka niwaambie nini, dada? Kwamba dada yangu hapendi filimbi?"

"Nataka uwape watoto wako swali moja kabla wageni hawajafika. Chagua wewe, lile wanaloliweza kuliko yote. Kisha ufute machaguo. Wakiliweza, nitakuja mbele ya wageni wako nikuombe radhi, na filimbi nitaipuliza mimi mwenyewe."

"Njoo keshokutwa," alisema. "Na uje na pumzi ya kutosha."

Asubuhi hiyo Bi Kwa Nini aliomba ruhusa shuleni kwake, akapita kumchukua Chiriku. Msichana alikuwa amevaa gauni la nyumbani na kandambili.

"Mimi niende kufanya nini, shangazi? Wanicheke na kule?"

"Hakuna wa kukucheka. Unakwenda kutazama tu. Macho hayachoki."

Walisimama nyuma ya darasa, karibu na kabati la vitabu lisilo na kitasa. Darasa lilikuwa safi, madawati yamenyooka, watoto wamechomekea. Walipomwona mgeni walisimama pamoja, wakasalimu pamoja, wakaketi pamoja. Jambo hilo peke yake, Bi Kwa Nini alilihesabu kuwa kazi kubwa ya kaka yake.

Mwalimu Asilimia akaandika ubaoni. Ndoo lita ishirini. Pipa lita mia moja na themanini. A, saba. B, nane. C, tisa. D, kumi. Akapuliza: pruu!

"C!" darasa likajibu kama mtu mmoja, hata ndege waliokuwa darini wakaruka.

Akamtazama dada yake, nyusi juu. Dada naye akaelekeza kidole ubaoni. Kaka akachukua dasta akafuta machaguo, na kwa kuwa hakuwa mtu wa ujanja, akafuta na mia moja na themanini, akaandika mia mbili na arobaini. Akapuliza tena.

Watoto walitazama ubao, wakangoja uendelee. Msichana wa safu ya kwanza, nywele zimesukwa mistari, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hujaandika machaguo."

"Leo hakuna machaguo. Andikeni jibu."

Mnong'ono ukapita darasani kama upepo kwenye mahindi. Kisha vichwa vikainama. Mwalimu Asilimia akaanza kupita kati ya madawati, mikono nyuma, na Bi Kwa Nini aliweza kuona mgongo wa kaka yake ukibadilika kadiri alivyokwenda. Huyu ameandika C. Huyu ameandika tisa, jibu la swali la kwanza. Huyu amejumlisha ndoo na pipa akapata mia mbili na sitini. Kisha akafika kwa waliopata kumi na mbili, nao hawakuwa wachache, na mgongo ukanyooka tena.

"Haya, dada! Hawa hapa. Wewe," akamgusa bega mtoto mmoja, "waambie. Kwa nini umegawanya?"

"Kwa sababu ni swali la pipa, Mwalimu. La pipa tunagawanya."

"Ndiyo. Lakini kwa nini?"

Mtoto akafikiri kwa bidii. Alitaka sana kumfurahisha. "Kwa sababu ni la pipa," alisema tena, sauti ya chini zaidi.

Bi Kwa Nini angeweza kusema, na ulimi ulimwasha, lakini alijua jambo ambalo mtu ameanza kuliona mwenyewe utalifukuza ukilionyesha kwa kidole. Kaka yake alirudi ubaoni polepole. Akaandika swali jipya, herufi zikipinda kidogo: Ndoo kumi na mbili zimemiminwa ndani ya pipa. Kila ndoo ni lita ishirini. Ndani ya pipa mna lita ngapi?

Yule mtoto alikuwa wa kwanza kuinama. Akaandika, akafuta, akaandika. Akainua uso.

"Mwalimu, kumi na mbili kwa ishirini haigawanyiki vizuri. Inabaki."

Wengine wakaunga mkono. Inabaki, Mwalimu. Labda swali limekosewa.

Mwalimu Asilimia aliipeleka filimbi mdomoni. Ilikuwa mazoea tu: swali likigoma, filimbi, swali jingine. Hapo sauti ikatoka nyuma, karibu na kabati.

"Baba."

Darasa likageuka, wengine wakaguna kwa kicheko, maana ndani ya geti lile hakuna baba, kuna Mwalimu. Chiriku mwenyewe miaka yote alikuwa akimwita hivyo.

"Baba, usipulize. Hata mimi ningegawanya." Akameza mate. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Akapita kati ya madawati, kandambili zikilia pa, pa, pa sakafuni, akanyoosha mkono. Baba yake akampa chaki. Chiriku akachora pipa kubwa lisilonyooka, akachora ndoo juu yake.

"Moja hii. Ishirini. Nikimimina nyingine, arobaini. Nyingine, sitini." Alipiga mstari ndani ya pipa kwa kila ndoo, maji yakapanda. Alikuwa mzito mwanzoni, akisimama kila hatua kumtazama baba yake kifuani, pale filimbi ilipolala. Filimbi haikulia. Watoto wa mbele wakaanza kumhesabia kwa minong'ono, kisha kwa sauti. Kati alikosea, akaruka ndoo moja, msichana wa nywele za mistari akamrudisha. Muda ulikwenda, mwingi, muda wa filimbi nyingi kabisa.

"Mia mbili na arobaini!" Chiriku akarudi nyuma hatua moja, akautazama ubao, kisha akapiga kofi. "Ala! Ni lilelile!"

"Lilelile lipi?" Bi Kwa Nini akauliza kutoka nyuma.

"Lile pipa la swali lililopita, shangazi! Lina lita hizohizo! Kule tulikuwa na pipa, tunatafuta ndoo. Hapa tuna ndoo, tunatafuta pipa. Limegeuzwa tu, kama... kama shati lililovaliwa ndani nje! Kwa hiyo hapa huwezi kugawanya, unarudi njia uliyojia, unazidisha. Baba, kwa nini hukutwambia ni shati lilelile?"

Darasa likacheka, na yule mtoto wa "inabaki" akapiga paji la uso. Mwalimu Asilimia hakucheka. Alisimama, mkono umeshika kamba nyekundu, akimtazama binti yake kama mtu anayemwona mgeni aliyefanana na mtu anayemjua.

"Kwa sababu filimbi ililia," alisema mwishowe.

Akaivua shingoni, akaifunga kwa kamba yake mwenyewe, akaitia mfukoni.

Wageni walikuja siku waliyosema. Yeye hakuwaficha kitu. Aliwaonyesha ngazi ya kijani ukutani, akawaeleza vidato vilivyopanda na kilichowapandisha watoto, kisha akawaingiza darasani akawaonyesha swali la pipa bila machaguo. Baadhi walishukuru. Mmoja alinuna wazi: "Mwalimu, sisi tumekuja kuchukua dawa, wewe unatuonyesha kidonda." Akamjibu kwamba dawa bado anaitafuta, na kwamba asubuhi sasa darasa lake linafanya maswali machache tu, na kila jibu lina mtu wa kulitetea. Mzazi mmoja aliyekuwa hapo akauliza kama mwakani ngazi haitashuka.

"Inaweza kushuka," alisema Mwalimu Asilimia. "Ikishuka nitaichora iliposhuka. Rangi ninayo."

Sare haikupewa mtu. Jioni ya siku ile ya swali la pipa, Chiriku alimwendea bibi yake jikoni, akazunguka zunguka, akafunua sufuria zisizo na kitu.

"Bibi, ule mfuko wangu..."

"Mfuko upi?"

"Bibi nawe! Ule wa sare."

"Aa. Nilikuwa nimeanza kumtafuta mtu wa kumpa," alisema bibi, akautoa chini ya kibao alichokalia. "Lakini kila ninayemwona anaongea kidogo. Sare hii inataka msemaji." Kifungo cha shingo, kilichokuwa kikining'inia, kilikuwa kimeshonwa upya kwa uzi mara mbili.

Aliporudi sekondari, kazi haikuwa rahisi, na Bi Kwa Nini hakumfanya iwe rahisi. Alimweka yeye na wenzake wa herufi kwenye safu moja, akawaambia wazi kwamba wana deni la miaka na watalilipa kidogo kidogo, kila siku baada ya masomo, hata wachukie. Wapo waliochukia. Chiriku alichukia pia, lakini alikaa. Siku nyingine alikwenda nyumbani ameshalia, akarudi kesho yake na penseli imechongwa.

Siku moja mwalimu wa jiografia alikuwa akipita varandani akasikia kelele, akachungulia dirishani. Ubaoni alisimama Chiriku, kiganja cheupe kwa chaki, jibu lake limekatwa kwa mstari mrefu.

"Nimekosa, sawa, nakubali nimekosa," alikuwa akiliambia darasa zima lililokuwa likimzomea kwa raha, "lakini ngojeni niwaonyeshe nilipokosea! Si hapa. Wala si hapa. Msinikatize! Nilikuja vizuri mpaka hapa..."

"Kwa nini hapo?" aliuliza shangazi yake kutoka kwenye kiti chenye waya, miwani kwenye ncha ya pua.

Kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Watoto wakafunga mikoba. Chiriku akapandisha mkono wa sare, akatafuta mahali pasipoandikwa kitu, akaendelea.